Mwaka Niliokuwa Macho ya Bibi Zuhura

Mwezi uliopita tulimzika Mwanaidi, binti wa Bibi Zuhura, pale Nakuru. Nasema tulimzika, lakini ukweli ni kwamba nilifika kutoka Kabazi jeneza limeshatoka, wanaume wameshaelekea makaburini, na sisi wanawake tumebaki sebuleni juu ya mikeka, huyu akifuta machozi, yule akiuliza kama wali utatosha. Nyumba ile nilikuwa sijaikanyaga kwa miaka mingi. Wametia vigae sakafuni na televisheni kubwa ukutani, ila chumba cha nyuma kina dirisha lile lile dogo la vyuma vyembamba, linalotazama ua wa jirani. Mama mmoja nisiyemjua alinikodolea macho kwa muda, kisha akamwuliza mwenzake, bila hata kupunguza sauti, kama mimi si yule msichana wa Kabazi aliyekuwa akimwandikia Bibi mashairi. Mwenzake akasema, "Ndiye. Yule wa aibu ya redio." Halafu wakarudi kwenye habari ya wali. Mimi nina wajukuu wawili, nywele zangu nusu zimekuwa nyeupe, na bado niliona uso wangu ukipata moto kama wa mtoto aliyeshikwa na mkono ndani ya chungu.

Kesho yake, kabla ya kurudi nyumbani, nilishuka kutazama ziwa. Siku hizi huhitaji kwenda mbali, lenyewe linakuja. Limemeza lango la zamani la mbuga, limemeza barabara na ua, na migunga iliyokuwa kivuli cha nyani imebaki vijiti vikavu vilivyosimama majini. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi wake kando ya seng'enge aliniambia, "Hii maji, mathe, itatukula sote." Nilicheka, na nadhani aliniona sina akili. Sikuweza kumweleza kwamba mimi huwaza ziwa hilo likiwa kavu. Mwaka nilioishi kwa Bibi Zuhura, maji yalikwisha yote, likabaki bonde jeupe la vumbi linalopeperushwa na upepo. Ni mwaka huo huo nilipodanganya mtu aliyenitegemea, na sijawahi kuusimulia wote mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekuja mjini kujifunza kupiga taipu, kozi ya asubuhi, katika chumba kimoja juu ya duka la vyuma. Pa kulala nilipata Bondeni, kwa Mwanaidi, ambaye alikuwa na kibanda cha mahamri na viazi karai nje ya mlango wake. Patano letu lilikuwa rahisi: nilale chumba cha nyuma na mama yake, nimsaidie Mwanaidi kukanda unga alfajiri, na alasiri nimsomee na nimwandikie mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa kipofu. Nilidhani ningeandika barua za jamaa. Siku ya kwanza nilikuta redio kwenye kigoda, rundo la madaftari chini ya kitanda, na mwanamke mwembamba mwenye leso mbili safi, amekaa wima akinisubiri kama hakimu. Aliniamuru nisome ukurasa wowote. Nikasoma, naye akaniacha nifike mwisho. Kisha akasema kwamba Kiswahili changu ni cha kuchungia ng'ombe, lakini sauti ni nzuri, na kwamba atanivumilia.

Bibi Zuhura alikuwa mshairi wa redio. Kila Jumapili jioni palikuwa na kipindi cha mashairi, na watu kutoka kila pembe ya nchi walituma beti zao kwa posta, kila mtu na lakabu yake, jina la kishairi ambalo ndilo pekee msikilizaji alilijua. Lake lilikuwa Jicho la Bonde. Alilichukua akiwa bado anaona, na maradhi yalipomfunga macho, miaka saba kabla mimi sijafika, alikataa kulivua. Nje ya mtaa hakuna aliyejua kwamba haoni. Wasikilizaji wa Kericho na wa Mombasa walimjua kama mtu anayetazama Bonde la Ufa kila siku na kuwaletea habari zake, mvua ya Njoro juu ya ngano, ukungu unaotoka shimo la Menengai, na juu ya yote heroe, wale ndege ambao sisi kwa mdomo tuliwaita flamingo tu. Jina hilo lilikuwa mali yake yote. Hakuwa na nyumba, kwa maana nyumba ilikuwa ya mkwe wake. Macho hakuwa nayo. Alikuwa na Jicho la Bonde, na alilivaa vizuri kuliko leso zake.

Tatizo ni kwamba hakukubali kutunga kwa kumbukumbu. Alisema ukimsifu jirani ambaye hujamjulia hali tangu mwaka juzi, huo ni unafiki, na ziwa nalo ni jirani. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipewa nauli na kipande cha mkate wa mofa, niende hadi kilima kimoja nje ya mji, upande wa barabara ya Nairobi, ambako ziwa lote huonekana, nikae, nitazame, nirudi nimweleze. Mara ya kwanza nilirudi na maneno matatu. Nilisema flamingo ni wengi, ni wazuri, ni pinki. Akaguna. "Pinki ya nini? Ya ulimi wa mbuzi? Ya kanga iliyofuliwa mara mia? Ya jeraha?" Alinirudisha Jumamosi iliyofuata, na nikaona, kwa sababu safari hii nilikuwa naogopa kuulizwa. Niliona kwamba wengi wao ni weupe, na wekundu umejificha chini ya bawa. Niliona wanakula vichwa vikiwa juu chini, na wakiogopa kitu hawaruki kwanza, hukimbia juu ya maji kama wanawake wanaovuka tope wameinua marinda. Nilipomaliza kusimulia, chai ilikuwa imepoa na Bibi alikuwa anatabasamu. Aliniambia nimempeleka ziwani. Sijui kama katika maisha yangu nimesifiwa tena namna hiyo.

Vyakula vya nyumba ile navikumbuka kuliko yale niliyojifunza kwenye taipu. Asubuhi harufu ya iliki, mchana maharagwe ya nazi, ambayo kwetu Kabazi tungesema yameharibiwa, na alasiri chai ya tangawizi iliyowasha koo mpaka machozi. Tulikaa chumbani, yeye kitandani, mimi kwenye mkeka na daftari magotini. Alitunga akihesabu mizani kwa vidole juu ya goti, nane na nane, na mstari ukimkataa aliutukana kwa Kiswahili safi sana. Kupitia dirisha lile dogo tulisikia maisha yote ya jirani, mume na mke waliogombana kuhusu sufuria, na Bibi alikuwa akisimamisha ubeti mzima ili asipitwe. Mimi nikisema "hii mtoto ya jirani inalia," alinipiga kofi hewani. "Mtoto huyu. Analia. Binadamu si kiti." Nilikuwa na furaha, na kama ilivyo kwa vijana, sikujua kwamba ile ndiyo furaha.

Mwezi wa tatu nikampenda mvulana. Aliitwa Kiprono, alikuwa mwanafunzi wa kilimo kule chuoni Njoro, na siku yake ya nafasi ilikuwa Jumamosi. Sitamlaumu, maana hakujua kitu. Alikuwa akinisubiri stendi ya Njoro na shati lake la kijani, ananiambia, "Sasa Wangari, leo utakaa ama utakimbia tena?" Nami nilikaa. Nauli ya kwenda kilimani ilitosha vizuri kunifikisha Njoro. Mara ya kwanza nilijiambia ni wiki moja tu, na kwamba ndege hawabadiliki kwa wiki. Nilirudi jioni nikamsimulia Bibi yale yale ya wiki iliyotangulia, nikihamisha kidogo hapa na pale, kundi moja upande wa mashariki, lingine karibu na mdomo wa mto. Alifurahi. Wiki ya pili ikawa rahisi zaidi. Kufikia wiki ya sita nilikuwa nabuni ndege bila hata kuona haya, na nakiri kwamba baadhi ya ndege wangu walikuwa wazuri kuliko wale wa kweli.

Mvua za masika hazikuja mwaka ule. Njoro niliona ngano imesimama fupi na ya manjano kabla ya wakati, nikasikia wakulima wakizungumza habari ya kuuza ng'ombe, na haikunijia akilini kwamba ziwa nalo hunywa mvua ile ile. Mjini kulianza kuwa na vumbi jeupe. Lilikaa juu ya mahamri mpaka Mwanaidi akaanza kuyafunika kwa magazeti, lilikaa juu ya nguo zilizoanikwa, liliingia kwa dirisha. Siku moja Bibi aliweka kikombe chini, akalamba midomo yake polepole, akaniuliza hili vumbi linatoka wapi, mbona lina ladha ya magadi. Magadi aliyajua, aliyatia kwenye maharagwe kila siku, na ziwa letu lenyewe ni la maji ya magadi. Nilikuwa nawaza Jumamosi. Nikamjibu, "Hiyo ni vumbi ya barabara tu, Bibi. Wanachimba mtaro hapo juu." Hakunisahihisha hata ngeli. Akaendelea kulamba midomo kidogo, kisha akaniuliza heroe wako vipi, nikamwambia wako tele, ufuo mzima, kama ukuta.

Ukuta ndilo neno alilolichukua. Alitunga beti saba katika siku mbili, bila kutukana mstari hata mmoja, na nikaziandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Bado nazijua. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Heroe wako ziwani, wameuzenga ukuta,
Rangi yao ufukweni, kama waridi kumeta,
Wakiinama majini, vivuli vyawafuata,
Bonde letu lina shani, mwenye macho hatajuta.

Jumapili shairi liliposomwa nyumba ilijaa. Majirani waligonga ukuta kwa furaha, mume na mke wa sufuria wakiwa pamoja kwa mara ya kwanza. Mtangazaji alisema Jicho la Bonde halijazeeka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya kaimati, na nilijiona kama nina sehemu yangu katika utukufu ule, na kweli nilikuwa nayo.

Ushairi wa redio una desturi yake. Mtu akikupinga, hakuandikii barua ya matusi, anakujibu kwa shairi lenye vina vile vile vya kwako, na wewe lazima umjibu kwa vina hivyo hivyo, hadharani. Ukinyamaza umeshindwa, na watu husahau jina lako haraka. Palikuwa na mshairi mmoja wa kule Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, mfanyakazi wa shamba la maua, aliyejiita Kinda la Kamere. Bibi alimpenda kwa siri kwa sababu alikuwa na adabu na hakukosea mizani. Baada ya wiki mbili mtangazaji alisema ana jibu la Kinda kwa Jicho la Bonde, na Bibi akanyoosha mgongo, akaniambia nisogeze redio. Sauti ile ikasoma:

Nimepanda kilimani, hata tone sikupata,
Vumbi jeupe machoni, upepo unaloleta,
Ndege ni wa kitabuni, ama ndoto umeota,
Jicho gani, jicho gani, lisiloona ukata?

Mwanaidi alizima redio kabla beti hazijaisha. Upande wa pili wa ukuta hakuna aliyegonga. Nilisikia mtu akicheka uani, kisha mwingine akimnyamazisha. Bibi hakuwa amesogea. Nilitarajia aniulize kama Kinda anasema kweli, na nilikuwa tayari, Mungu anisamehe, kusema kwamba Kinda ni mwongo. Lakini aliniuliza kitu kingine, kwa sauti ya kawaida kabisa. Aliniuliza Jumamosi huwa nakwenda wapi.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, Njoro, Kiprono, shati la kijani, wiki tisa. Mwanaidi alinishika bega akalifinya mpaka likauma, akasema nifunge virago vyangu usiku huo huo. Bibi akamwambia aniache. Alikuwa anatazama upande wangu, kidogo pembeni ya uso wangu kama kawaida yake, na akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Ulimi wangu uliniambia, Wangari. Magadi nilikuwa nayala kila siku kwenye chai. Nikaukataa ulimi wangu mwenyewe, nikaamini macho yako." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hakuna aliyenibembeleza, wala sikustahili.

Alfajiri alimwamuru Mwanaidi amshike mkono ampeleke mpaka seng'enge ya mbuga, kusini mwa mji, mahali upepo wa ziwa unapoanza. Mimi nilifuata nyuma bila kuitwa. Hapo ndipo nilipoliona ziwa kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Maji hayakuwepo. Kulikuwa na uwanja mweupe usio na mwisho, na juu yake nguzo za vumbi zikizunguka taratibu. Bibi alisimama akishikilia waya, akafungua kinywa, akauacha upepo uingie, muda mrefu hata Mwanaidi akaanza kuogopa. Kisha akatema mate, akasema turudi. Njiani alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole, na nilikimbia mbele kutafuta daftari, lakini tulipofika alimwita Mwanaidi akae kwenye mkeka, mahali pangu, aandike. Mwanaidi aliandika kwa shida, akiuliza kila neno, na mimi nilikanda unga nje nikisikia kupitia ukuta.

Nilijua alichoweza kufanya. Angeweza kusema redioni kwamba aliletewa uongo, akataja binti wa Kabazi asiye na shukrani, na nchi nzima ingemwonea huruma na jina lake lingepona. Kati yangu na yeye, yeye ndiye aliyekuwa na haki. Jumapili lile jibu liliposomwa nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la jikoni. Sikuukariri kwa makusudi, lakini ubeti wa mwisho ulinibaki:

Nuru hamna usoni, miaka saba yapita,
Naomba radhi hewani, jina hilo nalifuta,
Kosa ni langu yakini, mwingine sitamvuta,
Ni Zuhura wa Bondeni, kipofu anayejuta.

Kwa hiyo alilivua jina, na akalivua peke yake. Kinda la Kamere aliandika barua ndefu ya kuomba radhi, akasema angalijua asingalithubutu, akamsihi asiliache jina. Bibi alimjibu kwamba yeye alisema kweli, na mtu haombi radhi kwa hilo. Mtaani walijua vizuri ni nani yule mwingine ambaye hakuvutwa. Walinitazama nikienda taipu, walinitazama nikirudi. Ila aliyeniadhibu hasa ni Bibi mwenyewe, kwa kutonifanya chochote. Nililala chumba kimoja naye. Alinijibu salamu. Alinipa sehemu yangu ya chai. Hakuniomba nimsomee, hakuniomba nimwandikie, na Jumamosi zilipofika alikaa tu kitandani na mikono mapajani. Kiprono niliacha kwenda kumwona, si kwa utakatifu, ni kwamba nilishindwa kukaa naye nikacheka. Iliendelea hivyo wiki tano, na ningependa zaidi kama angenifukuza.

Kisha Jumamosi moja, nilipokuwa najifunga kitambaa kichwani, alisema bila kunielekea, "Nenda kilimani." Aliniwekea nauli na kipande cha mkate juu ya redio.

Nilikwenda. Nilikaa pale tangu saa nne mpaka kivuli changu kikawa kirefu, na nilitazama mpaka macho yakauma. Nilimtafuta hata ndege mmoja. Kwa nini nisipewe hata mmoja, nilifikiri, nimpelekee kama zawadi, ili mambo yawe sawa. Hakuwepo. Nilipokuwa nikirudi niliogopa kuliko siku niliyokuwa na uongo, kwa sababu mtu mwenye uongo angalau ana kitu mkononi. Nilimkuta amekaa wima mahali pake. Mwanaidi alikuwa mlangoni amefunga mikono, anasubiri asikie nitasema nini. Nikakaa kwenye mkeka, nikasema, "Hakuna kitu, Bibi. Sijaona kitu."

"Basi nieleze," akasema, "hiyo hakuna yako inafanana vipi."

Nikamweleza. Nilimwambia uwanja mweupe umepasuka vipande kama ugali uliokauka kwenye sufuria, na mipasuko ni ya kijivu ndani. Nilimwambia nguzo za vumbi zilikuwa nne, na kwamba ya tatu ilianguka kabla ya kufika kwenye miti. Kulikuwa na njia ya nyayo za nyati iliyotoka kichakani ikaenda mpaka katikati, ikasimama, ikarudi. Kulikuwa na mfupa au gogo, sikuweza kujua kwa umbali ule, na nikamwambia kwamba sikuweza kujua. Hakuniuliza mara mbili. Hakumtuma Mwanaidi nje akaulize kwa watu, hakulamba midomo yake ili ahakikishe. Alisikiliza kila neno ameinamisha kichwa, mpaka nikamaliza, na akasema niendelee. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ilikuwa mara ya kwanza kuaminiwa na mtu anayejua kwamba mimi ni mwongo.